Kutoka Ziwani Kwenda Kwenye Kopo: Mwongozo kwa Mama wa Mbweni

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja. Siku kadhaa huwa zimeshaliwa kabla hata hujajifungua. Kwa hiyo likizo inapoisha mtoto hajatimiza miezi mitatu, ilhali kliniki wamekuambia umnyonyeshe maziwa yako peke yake mpaka afike miezi 6. Mama anayeishi Mbweni, Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta au Kariakoo ana karibu kilomita 30 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Anatoka saa 11 alfajiri mtoto akiwa amelala, anarudi taa zimewashwa. Hapo katikati mtoto lazima ale.

Nawaandikia akina mama hao. Nawaandikia pia waliokatishwa kunyonyesha na ugonjwa, na dawa au na mimba nyingine, pamoja na bibi aliyeachiwa mjukuu ambaye bado ni wa kunyonya. Wote naanza nao kwa jambo moja: maziwa ya kopo yakitengenezwa vizuri yanamkuza mtoto. Watoto wanaolazwa kwa sababu ya maziwa haya, mara nyingi wamelazwa na maji machafu, na kipimo kilichokosewa, na haraka ya watu wazima. Haya matatu yote yako ndani ya uwezo wako, hata kama nyumba yako ni ya chumba kimoja na sebule.

Kabla hujanunua kopo

Jiulize kama kweli unalazimika kuacha kunyonyesha kabisa. Akina mama wengi hudhani ni ama ziwa, ama kopo, na siku wanayonunua kopo la kwanza ndiyo siku wanayomkatisha mtoto ziwa. Si lazima iwe hivyo. Mtoto anaweza kunyonya alfajiri kabla hujatoka, akanyonya jioni ukirudi, akanyonya usiku, na mchana ndipo akapewa cha kopo. Mwili huzoea ratiba hiyo baada ya wiki chache, na maziwa ya alfajiri na usiku yanaendelea kuwepo kwa miezi mingi.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kutoka Posta hadi Mbweni na kurudi ndani ya saa mbili haiwezekani, sote tunaijua Barabara ya Bagamoyo. Lakini muda huo unaweza kukubaliana na bosi wako uutumie kwa kuchelewa kuingia au kuwahi kutoka, au uugawe mara mbili ukamue maziwa mahali pa faragha. Maziwa uliyokamua yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko, ndani ya friji ikiwa ipo, ambamo hukaa hadi siku nne. Nje ya friji yasizidi saa nne, na kwa joto letu la Januari na Februari usifikie hata hizo saa nne. Umeme ukikatika muda mrefu, usiyategemee tena.

Ipo hesabu ya pesa pia, ambayo wauzaji hawakufanyii. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayetegemea kopo peke yake huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 6 basi anakunywa mililita 900. Kwa makopo mengi, hizo ni karibu gramu 117 za unga kila siku. Kopo la gramu 400 linakaa siku tatu na kidogo. Kwa mwezi ni makopo 9. Sasa chukua mtoto yuleyule anayenyonya alfajiri, jioni na usiku, na kopo akapewa mara mbili tu mchana, mililita 150 kila mara: kopo moja linafika siku 10, na kwa mwezi ni makopo matatu. Nenda duka la dawa la karibu, uliza bei, zidisha kwa 9, kisha zidisha kwa 3, halafu ukae na baba wa mtoto muitazame hiyo tofauti kabla hamjaamua. Nasisitiza hesabu hii kwa sababu familia inayoanza bila kuifanya huishiwa katikati ya mwezi, na hapo ndipo mtu anaanza kuongeza maji.

Kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, usijiamulie mwenyewe kuacha ziwa wala kuanza kuchanganya. Mama anayemeza dawa zake kila siku huruhusiwa kunyonyesha, na dawa hizo ndizo zinazomkinga mtoto. Panga kila hatua na mhudumu wa kliniki yako.

Na kuhusu mimba: wapo bado wanaoamini kwamba mama akipata mimba akiwa ananyonyesha maziwa yake huharibika na mtoto hubemendwa. Mtoto anayedhoofu mama akiwa na mimba mara nyingi amedhoofu kwa sababu alikatishwa ziwa ghafla, na alichopewa badala yake kilikuwa uji mwepesi. Mimba inaweza kupunguza wingi wa maziwa na kubadili ladha yake, na hapo mtoto atahitaji nyongeza. Lakini hayageuki kuwa sumu, na hakuna haja ya kumwondoa mtoto ziwani siku moja kwa hofu hiyo.

Kuchagua kopo

Sitataja jina la kopo lolote. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia biashara ya maziwa haya isiwahadae akina mama, na Tanzania nayo ina kanuni zake. Ndiyo maana mhudumu wa afya haruhusiwi kukupa kopo la bure la kuonjesha, wala duka halitakiwi kukushawishi kwa zawadi. Akitokea mtu wa namna hiyo, jua anauza.

Unachotafuta ni maandishi. Namba 1 ni ya mtoto tangu kuzaliwa, na inaweza kumfikisha mwaka mmoja bila kubadilishwa. Namba 2 ni ya kuanzia miezi 6, si lazima. Namba 3 ni ya zaidi ya mwaka, na hiyo nitaieleza mwishoni kwa nini uiache dukani. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, tazama kama kopo limebonyea au limefunguliwa, hakikisha maelekezo yako katika lugha unayoisoma wewe na atakayebaki na mtoto. Maziwa ya unga ya chai, yale ya familia nzima, hayafai kwa mtoto wa chini ya mwaka hata kama pakiti ina picha ya mtoto mnene. Na unga uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni ukafungwa fundo usiununue kwa bei yoyote: hujui ni maziwa gani, hujui yalifunguliwa lini.

Maji ya huku kwetu

Mbweni, Boko, Bunju na Tegeta tunapata maji ya bomba yanayotoka mtambo wa Ruvu Chini. Yakikatika, tunarudi kwenye kisima, kwenye simtanki au kwenye boza. Kila kimojawapo kina lake, na mtoto hana tumbo la kuvumilia.

Kisima cha huku pwani kikichimbwa karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Mtu mzima anayaogea, anayafulia, wengine wanayapikia. Usitengenezee maziwa ya mtoto. Unga wa kopo una chumvi yake iliyopimwa kwa ajili ya figo changa, na ukiongeza ya kisima unampa mzigo asioweza kuubeba. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kunapunguza maji na kuiacha chumvi ileile, hivyo yanazidi kuwa makali. Yaonje mwenyewe. Ulimi ukihisi chumvi hata kidogo, tafuta maji ya bomba uyaweke kwenye ndoo yake yenye mfuniko, ya mtoto peke yake. Ukinunua maji ya chupa ya dukani, nayo yachemshe.

Maji ya boza na ya simtanki huwa yamepita mikononi na kwenye mipira mingi. Mwezi wa nane mwaka 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni, wilaya yetu hii hii, kisha kikasambaa mikoa mingi. Kwa hiyo maji yote, yatokako popote, yachemke mpaka yatokote kwelikweli. Mvuke wa pembeni ya sufuria hautoshi.

Hapa pana jambo ambalo nyumba nyingi hazilijui. Unga wenyewe wa kopo hauna usafi wa asilimia mia. Kiwandani haiwezekani kuua vijidudu vyote, na kimojawapo, Cronobacter, ni nadra lakini kikimpata mtoto mchanga ni hatari sana. Kinachokiua ni maji ya moto wa nyuzi 70 au zaidi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji yaliyochemka yaachwe yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, yakiwa lita moja hivi, ndipo uyamimine na kutia unga. Watu wengi hufanya kinyume: wanachemsha jana, wanaacha yapoe usiku kucha, asubuhi wanakoroga. Maziwa yanaonekana sawa, lakini vijidudu vya kwenye unga vimebaki hai.

Kwa wanaohofia gesi kuisha au kuwasha jiko kila baada ya saa tatu, chupa ya chai itawasaidia sana. Tenga moja ambayo haijawahi kuwekwa chai wala maziwa. Isuuze kwa maji yanayochemka, ijaze maji yaliyotokota, ifunge. Chupa nzuri inayatunza yakiwa na moto wa kutosha kwa saa kadhaa. Ukimimina na mvuke mzito ukapanda, bado yanafaa. Yakiwa ya vuguvugu, chemsha mengine.

Namna ya kutengeneza

Nawa mikono kwa sabuni, na aliyetoka kubadili nepi anawe mara mbili. Vyombo vya mtoto vioshwe kwa sabuni na brashi yake, visuuzwe, kisha vichemshwe kwenye sufuria yenye mfuniko, vyote vikiwa vimezama, kwa dakika 10. Viache humo humo ndani ya sufuria iliyofunikwa mpaka utakapovihitaji, kwa kuwa kuvianika juu ya meza ni kuvikaribisha nzi.

Maji kwanza, unga baadaye. Mimina maji ya moto kwenye chombo chenye alama za mililita, kiweke mezani, inama mpaka macho yawe sawa na mstari. Kisha chukua kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo. Makopo hayalingani: mengine kijiko kimoja ni cha mililita 30, mengine kimoja ni cha mililita 60, na anayehamisha kijiko cha kopo la zamani kwenda kopo jipya anaweza kumpa mtoto maziwa mepesi mara mbili, au mazito mara mbili, bila kujua. Chota bila kushindilia. Mgongo wa kisu safi upitishe juu ya kijiko, unga uliozidi udondoke ndani ya kopo, uso wa kijiko ubaki tambarare. Hesabu kwa sauti. Mtu akikuita katikati ukasahau umefika kijiko cha ngapi, mwaga uanze upya.

Najua inauma kumwaga. Lakini maziwa mepesi ni njaa iliyojificha: mtoto anashiba tumbo, analala, halafu kliniki mstari wa uzito kwenye kadi unalala naye. Maziwa mazito nayo yanamkausha maji mwilini na kumfunga choo, na anayefikiri anamnenepesha anamuumiza. Kama pesa haitoshi, mwambie mhudumu wa kliniki waziwazi. Kwa aliyefikisha miezi 6 kuna njia nyingine za kumlisha, nitazigusa huko mbele, na zote ni bora kuliko kuongeza maji.

Funika, tikisa, kisha poza kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji baridi, maji yasifike kwenye mdomo wake. Dondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Usilihisi moto wala baridi. Mtoto anywe sasa. Yakikaa saa mbili tangu yatengenezwe, mwaga. Aliyobakiza baada ya kunywa, mwaga hayohayo, hata kama ni nusu, maana mate yake yameshaingia. Friji isiyokatikiwa umeme inaweza kuyatunza saa 24 yakiwa hayajaguswa, ila kwa umeme wetu mimi nashauri yatengenezwe kila mlo upya. Na ukisafiri na mtoto kwenye daladala, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga mkavu uliopimwa kwenye kikopo safi, mchanganye huko huko.

Usitie sukari, glukosi, asali, biskuti wala uji ndani ya maziwa. Asali hasa ni marufuku kabisa chini ya mwaka mmoja.

Kikombe au chupa

Kikombe kidogo kisicho na kingo kali kinaoshwa kwa dakika moja na hakina pembe za kuficha uchafu. Chupa ina chuchu, ina kola, ina mzingo wa ndani ambao brashi mbovu haifiki. Kwa nyumba isiyo na maji ya uhakika, kikombe ndicho ninachokipendekeza bila kusita, na hata mtoto mchanga anakiweza.

Mpakate mtoto akiwa ameketi nusu, mgongo na shingo vimeegemea mkono wako. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse tu midomo. Usimmiminie. Subiri. Utaona ulimi unatoka mbele, unaramba, kisha anaanza kuvuta taratibu kwa mwendo wake. Akisita, acha kikombe palepale usikiondoe wala usikiinue. Siku za kwanza atamwagikiwa kifuani, mfunge kitambaa, usihesabu kuwa ameshindwa.

Ukichagua chupa, ishikilie wewe. Mtoto asilazwe chali na chupa ikaegemezwa kwenye mto huku dada wa nyumbani akifua, anaweza kupaliwa. Wala asilale nayo mdomoni usiku, meno yake ya kwanza yataoza yakiwa bado yanatokeza.

Kumbadilisha bila kumtesa

Anza wiki tatu au nne kabla ya siku ya kurudi kazini. Badilisha mlo mmoja tu, wa mchana, wakati maziwa yako si mengi kama ya alfajiri na mtoto hana usingizi. Kaa na huo mlo mmoja siku nne au tano. Tumbo lake likitulia na kifua chako kisipouma, ongeza wa pili. Mlo wa usiku na wa alfajiri ndiyo ya mwisho, na kama unaweza isiguswe kabisa.

Mtoto anakataa. Karibu wote wanakataa mwanzoni, kwa kuwa ladha ni nyingine, joto ni jingine, na zaidi ya yote harufu yako ipo pale na anajua ziwa liko umbali wa shubiri moja. Kwa hiyo mwache mtu mwingine ampe: baba, bibi, dada wa nyumbani. Wewe toka, nenda hata dukani, maana ukikaa chumba cha pili akasikia sauti yako kazi inarudi mwanzo. Mpe akiwa na njaa kidogo, kabla hajafika kulia. Khanga uliyoilalia jana ivikwe begani kwa anayemlisha. Kwa wengi inasaidia.

Ladha inaweza kuzoeshwa kwa kuchanganya. Tengeneza maziwa ya kopo kamili, kwa maji na kipimo chake, yapoe, ndipo uchanganye na uliyokamua: siku za mwanzo robo ya kopo na robo tatu zako, baadaye nusu kwa nusu, baadaye robo tatu za kopo. Usitie unga moja kwa moja ndani ya maziwa yako, yatakuwa mazito kupita kiasi.

Akigeuza uso mara tatu, acha. Mpumzishe, mzungushe uani, jaribu tena baada ya nusu saa. Kumbana pua au kumkandamiza mikono ili afungue kinywa, kama nilivyoona kwa baadhi ya wazee wetu walezi wakilisha uji, kunamfundisha kuogopa kikombe, na kunaweza kumpeleka maziwa mapafuni. Nasema hili kwa heshima yao yote, kwani walitulea. Vivyo hivyo shubiri na pilipili kwenye chuchu: mtoto wa miezi mitano hawezi kuelewa kwa nini mahali alipokuwa akipata faraja pamegeuka kuchoma. Kumpeleka ghafla kwa bibi Tanga au Lindi ili asahau ziwa kunamnyang'anya mama na ziwa siku moja. Kama atakwenda kwa bibi, aende akiwa ameshazoea kikombe.

Choo chake kitabadilika. Kitakuwa kigumu kidogo kuliko zamani, rangi itaelekea kahawia au kijani, harufu itaongezeka, na huenda asipate kila siku. Hayo ni ya kawaida. Usibadilishe kopo kila siku mbili kwa sababu ya choo au kucheua kidogo, mpe tumbo wiki moja hivi.

Kifua chako

Anayeacha ghafla huamka na kifua kigumu kama jiwe. Kamua kidogo tu, mpaka maumivu yapungue. Ukikamua yote, mwili unaelewa kuwa mtoto bado anahitaji na kutengeneza zaidi. Kitambaa cha maji baridi kinatuliza. Vaa sidiria inayokushika vizuri, lakini usikifunge kifua kwa khanga ukakaza kama ilivyokuwa desturi, mirija huziba. Ukiona sehemu imekuwa nyekundu, ina joto, unasikia homa na mwili kuuma, nenda zahanati siku hiyohiyo huku ukiendelea kukamua. Jipu la ziwa huanza hivyo.

Moyo nao unaweza kuwa mzito kwa siku kadhaa, unalia bila sababu. Homoni zinashuka, na ni kweli pia kwamba umeachana na kitu. Ikizidi wiki mbili, au ukaanza kuwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu wa karibu na ufike hospitali. Na ukumbuke kwamba kunyonyesha kulikokuwa kunachelewesha mimba kumekwisha. Mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona siku zako. Pita dirisha la uzazi wa mpango siku unayompeleka mtoto kupimwa uzito.

Anayebaki na mtoto

Kila nilichoandika kitafanywa na mtu mwingine wewe ukiwa kwenye foleni Mwenge. Siku tatu kabla hujarudi kazini, mwambie dada atengeneze yeye, wewe ukae kimya umtazame. Ndipo utaona kama anapitisha kisu juu ya kijiko, kama anamwaga yaliyobaki au anayaweka kando kwa ajili ya baadaye. Mpe ruhusa ya wazi: "Mwanangu, yakibaki mwaga, sitakugombeza." Dada wengi huficha mabaki na kumpa mtoto tena kwa kuogopa kuonekana waharibifu wa mali ya mama. Bandika ukutani karatasi yenye idadi ya vijiko na mililita, naye aandike saa na kiasi alichokunywa mtoto kila mara. Jioni utasoma siku nzima kwa nusu dakika.

Lini ukimbie hospitali

Mpeleke bila kusubiri kesho akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila anachokunywa, akipata vipele vilivyovimba au kuhema kwa shida baada ya kunywa, akiwa na homa, akishindwa kunywa, akilegea, macho yakidumbukia, utosi ukibonyea, au nepi ikikaa kavu saa sita. Akiharisha, anza ORS, na zahanati watampa na vidonge vya zinki. Endelea kumpa maziwa kwa kipimo kilekile, usiyazimue, na ziwa lako kama bado lipo mpe kila anapotaka. Kwa wa huku Mbweni, zahanati au kituo cha afya cha karibu ndicho cha kwanza. Rufaa ya mkoa kwa Kinondoni ni Mwananyamala. Beba kadi ya kliniki na ubebe kopo lenyewe, daktari aone unachompa.

Baada ya miezi 6

Sasa chakula kinaingia, na maziwa yanapungua hadi mililita 500 au 600 kwa siku kwa watoto wengi. Kwa ambao kopo limewashinda bei, hapa ndipo mlango ulipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unaruhusu mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya apewe ama maziwa ya kopo ama maziwa ya mnyama yenye mafuta yake yote. Chini ya miezi 6, hapana.

Huku kwetu wafugaji wa uani hawakosekani, na maziwa hupitishwa kwa baiskeli kila asubuhi. Nunua kwa mtu unayemjua asiyetia maji, na yachemshe hata kama yamekamuliwa mbele yako, kwani ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na kifua kikuu hupita humo. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, kwa hiyo mtoto huyo anahitaji maini, nyama ya kusaga, yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliooshwa mchanga wakasagwa laini, kila siku kimojawapo. Uji peke yake, hata ukiitwa wa lishe, hautoshi.

Akitimiza mwaka mmoja, acha kununua kopo. Namba 3 haihitajiki, na mwongozo huohuo wa 2023 hauipendekezi. Pesa yake nunua mayai, samaki na maziwa ya kawaida yaliyochemshwa, anywe kwa kikombe mezani pamoja nanyi.